Nani Amekula Miche ya Kwenye Kopo? Namna ya Kuwazuia Sungura na Wanyama Wengine huko Magunga

Mtu apitaye Magunga, katika Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, ataona mbele ya nyumba nyingi makopo, madebe, ndoo zilizopasuka na magunia yaliyojazwa udongo, na ndani yake sukuma wiki, vitunguu, nyanya, pilipili, miche ya mipapai, au waridi moja la kupamba mlango. Bustani ya namna hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Upande wa magharibi liko Ziwa Viktoria, na huko chini pwani mvua ni haba kuliko juu ya vilima vya Gwassi. Mvua ndefu huja kuanzia Machi hadi Mei, na zile fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katikati ya majira hayo, hasa mwezi wa Januari na Februari, shamba huwa kavu na mboga huwa adimu. Basi kopo lililo karibu na mlango hunyweshwa maji yaliyokwisha kuoshea mboga au vyombo, nalo hubaki kijani wakati kila kitu kingine kimekauka.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Kitu cha kijani katika nchi kavu huonekana na kunukia mbali, na mwenye nyumba si yeye peke yake anayekitamani. Anaamka asubuhi, anakuta vishina vitupu vimesimama katika udongo kama njiti za kiberiti. Aliyekuwa na sukuma wiki amepoteza mboga ya juma zima. Aliyekuwa na miche ya miti au ya miembe iliyopandikizwa amepoteza zaidi, kwa maana mche ulioliwa kichwa mwezi wa Februari hautakuwa tayari mvua ya Machi ifikapo, na mvua haimngojei mtu. Huyo atapanda mwaka ujao.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hufanya ni kulaumu, na la pili ni kununua. Wengine humlaumu sungura, wengine wanyama wa hifadhi ya Ruma, wengine jirani mwenye mbuzi. Kisha hununua waya, au dawa, au huweka sanamu ya nguo kuukuu, na baada ya siku nne hasara inarudi vilevile. Sababu yake ni nyepesi: kizuizi kimfaacho mnyama mmoja hakimzuii mwingine. Waya umzuiao sungura ni ngazi kwa tumbili. Meza imshindayo sungura haimshindi panya. Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama hata senti moja, nayo ni kumtambua mwizi kabla ya kumfungia mlango.

Mwizi huacha alama mbili, alama ya jino na alama ya mguu. Aanze mtu na jino. Sungura ana meno ya mbele makali juu na chini, na nyuma ya yale ya juu ana mengine mawili madogo. Akikata shina hulikata safi, kwa mshazari, kana kwamba mtu amepita na kisu kikali. Tena hukata chini, kwa kawaida si zaidi ya dhiraa moja kutoka ardhini, kwa kuwa hapo ndipo kinywa chake kifikapo kwa urahisi. Paa, tohe na mbuzi hawana meno ya mbele katika taya ya juu. Wao hubana jani kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kisha huvuta, na shina hubaki limechanika, lina nyuzinyuzi zinazoning'inia. Mtu akilishika shina kwa vidole atajua mara moja kama limekatwa au limevutwa. Tofauti hii moja ingalizuia magomvi mengi ya majirani.

Kama shina limekatwa usawa wa udongo, nalo limelala pale pale bila kuliwa, asimtafute mnyama wa miguu minne. Huyo ni kiwavi akataye mashina usiku, ambaye wakulima wengine humwita sota. Mchana hujificha katika udongo wa kopo lenyewe, amejikunja kama pete. Afukue kwa kijiti karibu na shina, kina cha kidole kimoja, naye atamwona. Majani yenye matundu na utelezi unaong'aa ni kazi ya konokono. Mbegu zilizofukuliwa usiku uleule zilipopandwa, na maganda yake kuachwa juu ya udongo, ni kazi ya panya. Na udongo uliochakurwa mchana kweupe, miche ikang'oka na kulala pembeni mizima, ni kazi ya kuku wa mwenye nyumba mwenyewe. Haipendezi kusema hivyo, lakini katika bustani za makopo kuku hufanya uharibifu ambao sungura angeuonea haya.

Alama ya pili ni mguu na kinyesi. Ili kuona mguu, mwenye nyumba amwage mchanga laini au majivu kuzunguka makopo jioni, ausawazishe kwa tawi, kisha aende kulala. Asubuhi atasoma habari kama asomavyo gazeti. Sungura anaporuka miguu yake ya nyuma, iliyo mirefu, hutua mbele ya miguu ya mbele, hivyo alama huonekana kana kwamba mnyama anakwenda kinyume. Kinyesi chake ni vidonge vya mviringo, vikavu, vyenye nyuzi za majani ndani. Mbuzi na paa huacha alama ya kwato mbili zilizogawanyika. Tumbili huacha alama ya mkono wenye vidole, lakini kwake hakuna haja ya majivu, kwa kuwa huja mchana, huvunja zaidi ya anavyokula, hung'ata nyanya mara moja na kuitupa, na huangusha makopo yote akiondoka.

Yafaa kusema maneno machache juu ya sungura huyu, maana wengi humchanganya na yule wa kufugwa. Sungura wa porini katika nchi hii, ambaye Wajaluo humwita apwoyo na kumsimulia hadithi nyingi za ujanja, si wa jamii moja na yule anayefugwa katika vibanda. Yule wa kufugwa asili yake ni Ulaya, huchimba mashimo na kuzaa ndani yake, na watoto wake huzaliwa vipofu bila manyoya. Apwoyo hachimbi shimo. Hulala mchana juu ya ardhi katika kijishimo kidogo chini ya kichaka au ndani ya majani marefu, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Hutoka kula magharibi, usiku na alfajiri. Jambo la ajabu ni kwamba chakula chake hupita tumboni mara mbili: kinyesi cha kwanza, kilicho laini, hukila tena, na kile kikavu tunachokiona ni cha mara ya pili. Kwa njia hiyo hupata nguvu hata katika majani makavu ambayo wanyama wengine hawana faida nayo.

Tofauti hii ya tabia ina maana kwa mwenye bustani. Kwa kuwa apwoyo hachimbi, waya hauna haja ya kuzikwa kwenda chini sana, lakini huruka vizuri na kukimbia upesi, basi waya uwe mrefu. Yule wa kufugwa akitoroka, nao hutoroka mara nyingi kwa vibanda vibovu, huchimba chini ya uzio. Mtu akikuta shimo jipya chini ya waya, aende kwanza kwa jirani mwenye vibanda, kwa adabu, akamwulize kama hesabu ya sungura wake imetimia.

Sasa juu ya vizuizi. Aliye na makopo ana bahati ambayo mwenye shamba hana: bustani yake huweza kuinuliwa. Uchaga wa miti wenye urefu wa mita moja humshinda sungura kabisa, na kuku wengi pia, kama hakuna kitu karibu cha kurukia. Huo ndio ulinzi bora kuliko wote kwa nyumba ya kawaida, wala hauhitaji fedha ila kazi ya siku moja. Nguzo nne zisimikwe, fito zifungwe juu kwa kamba au misumari, na makopo yapangwe juu. Upana usizidi mikono miwili, ili mtu aweze kufikia katikati kutoka pande zote. Nguzo zichomwe moto kidogo upande wa chini kabla ya kusimikwa, ili mchwa wasizile mapema, au zisimame juu ya mawe. Uchaga usigusane na ukuta, na usiwe chini ya mti wenye matawi yaliyoinama, kwa sababu panya na tumbili wote hupenda daraja. Anayesumbuliwa na panya avike kila nguzo kipande cha bati laini, kilichokunjwa kama faneli na mdomo wake ukitazama chini. Panya akipanda hukuta dari.

Ubaya wa uchaga ni mmoja. Makopo yaliyoinuliwa hupigwa na upepo na jua pande zote, nayo hukauka upesi kuliko yale yaliyo chini. Katika mwezi wa Februari huenda yakahitaji maji asubuhi na jioni. Kutandaza majani makavu juu ya udongo wa kopo hupunguza sana upungufu huo, na kuyasogeza makopo yakaribiane ili yatiliane kivuli husaidia pia.

Gunia la mboga ni shauri jingine, kwa kuwa likijazwa halinyanyuliki. Magunia haya, yaliyopandwa juu na ubavuni, yalienea sana katika mtaa wa Kibera, Nairobi, mnamo mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, watu walipokuwa hawana shamba wala fedha ya mboga. Huko Nairobi adui alikuwa mbuzi na kuku. Magunga adui wameongezeka, na matundu ya chini ubavuni mwa gunia ni kama sahani iliyowekwa mbele ya sungura. Basi yafaa matundu ya chini yaanze dhiraa moja na nusu juu ya ardhi, na sehemu iliyo chini yake iachwe bila kupandwa, au gunia lizungushiwe fito zilizochongwa.

Asiyeweza kuinua bustani yake, na azungushe. Waya wa kuku hufaa sana, lakini mtu aangalie tundu zake: zisizidi upana wa sentimita 3, la sivyo sungura wadogo hupenya bila shida. Urefu uwe karibu mita moja kutoka ardhini. Chini, waya ukunjwe kuelekea nje, upana wa shubiri moja, kisha ufunikwe kwa udongo na mawe. Mnyama ajaye kusukuma au kuchimba huanza pale waya unapogusa ardhi, na anapokuta waya tena chini ya miguu yake huchoka na kwenda zake. Wengi huukunja kwenda ndani, na hiyo ni kazi bure. Mlango nao usisahauliwe. Uzio wa fedha nyingi wenye lango linaloacha nafasi ya ngumi chini yake haumzuii mtu yeyote ila mwenyewe.

Watu wa pwani ya ziwa, upande wa Nyandiwa na Sindo, wana mali nyingine ambayo watu wa bara hawana, nayo ni nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Wavu wa omena uliochakaa, ambao hauwezi tena kwenda ziwani, bado una nguvu ya kutosha kufunika uchaga au kuzungushwa juu ya fito. Tena tundu zake ni ndogo hata ndege na panzi wengi hawapiti. Lakini wavu usiachwe ukilegea. Ukining'inia, nyoka, ndege na hata kuku hunaswa ndani yake, na kumtoa nyoka katika wavu si kazi ya mtu kuitamani kabla ya chai. Uvutwe sawasawa, ufungwe kwenye fito, pembe za chini zilaliwe na mawe, na kila asubuhi ukaguliwe. Jua huuoza wavu wa nailoni polepole, hivyo ubadilishwe unapoanza kukatika kwa vidole.

Kwa mche mmoja mmoja, tenga la kuchukulia kuku likifunikwa juu ya kopo magharibi na kuwekewa jiwe zito, hulinda sawa na waya. Jambo ni kukumbuka kulifunika kila siku. Kazi hiyo wakipewa watoto, huwa nzuri juma la kwanza.

Tumbili ni habari nyingine. Anapanda, ana mikono, ana akili, na huja pamoja na ndugu zake. Kwake yeye uzio usio na paa ni mchezo. Bustani ndogo huweza kufungwa juu na pande zote kwa wavu au waya kama kibanda, na mlango ufungwe kwa kitanzi cha waya kilichopindwa, si kwa kijiti cha kuchomeka ambacho atajifunza kukichomoa. Nyumba isiyoweza hivyo haina njia ila mtu au mbwa wa kukaa karibu wakati wa mchana, hasa nyanya zinapoanza kuiva. Kuzichuma zinapobadilika rangi tu, zikaivia ndani ya nyumba, huokoa nyingi. Nyani, ambaye Wajaluo humwita bim, ni tumbili mara tatu kwa nguvu, na mwanamke au mtoto asiende kumfukuza akiwa peke yake.

Juu ya dawa na vitisho, maneno mengi husemwa na ni machache yaliyo na faida ya kudumu. Pilipili iliyotwangwa na kuchanganywa na maji na sabuni kidogo, ikinyunyizwa kwenye majani, humkera sungura. Lakini mvua moja huiosha, na jani jipya likichipuka halina pilipili. Ni ya kufaa kwa waridi na miche ya miti kuliko kwa mboga ya kula jioni. Samadi ya ng'ombe iliyokorogwa na maji, ambayo wakulima wengi hupaka mashina ya mihogo na miche ili mbuzi wasiile, hufanya kazi vizuri kwa mbuzi, lakini isipakwe mboga zinazoliwa, kwa ajili ya magonjwa ya tumbo. Vitunguu, mchaichai na mimea mingine yenye harufu kali sungura huipita anapokuwa na chakula kingine. Mwezi wa Februari anapokuwa hana kingine, huila. Sanamu, mikebe ya kulia na upepo na vipande vya bati vinavyong'aa huwatisha wanyama kwa siku chache, mpaka watambue kwamba havimdhuru mtu. Mwenye kuvitumia avihamishe mara kwa mara, na asivitegemee peke yake.

Ua wa mimea ni ulinzi wa miaka mingi. Kayaba yenye miiba, ikipandwa kwa karibu na kukatwa kila mwaka, hatimaye haipitiki hata na mbwa. Mkonge nao hufaa. Mtupa, ambao Wajaluo huuita ojuok, hukua upesi kuliko yote na huota kwa kuchomeka tawi tu, lakini maziwa yake ni hatari sana machoni, na mwenye kuupogoa avae kitu usoni na kunawa mikono. Ua wowote una tundu chini katika miaka yake ya kwanza, na tundu hilo ndilo mlango wa sungura. Matawi ya miiba yaliyokufa yalazwe hapo mpaka ua ukomae.

Sumu ni jambo la kukatazwa kabisa. Wako watu ambao huweka dawa ya wadudu katika kipande cha chakula na kukiacha karibu na bustani. Mnyama alaye sumu haifi nayo peke yake: mbwa humla, tai humla, na mara nyingine mtu huikuta nyama hiyo sokoni bila kujua ilikotoka. Nchi ya Kenya ilikwisha kuona madhara hayo. Dawa iitwayo Furadan, iliyokuwa ikiuzwa madukani kwa ajili ya wadudu wa mimea, ilitumiwa kuua simba na ndege wengi, hata mwaka 2009 watengenezaji wake wa Marekani wakaamua kuiondoa katika maduka ya Kenya.

Mitego ya waya nayo ina hukumu yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 inamhesabia mtu kosa hata kama amewinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani tu. Wazee wengi huona jambo hili kuwa zito, kwa sababu katika ujana wao sungura aliyeingia bustanini alikuwa chakula kilichojileta. Lakini tanzi la waya halichagui. Katika bonde la Lambwe, mashariki ya vilima vya Gwassi, iko hifadhi ya Ruma yenye eneo la kilomita za mraba 120. Ilianzishwa kama pori la akiba mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa hifadhi ya taifa. Humo ndimo wanamoishi korongo, wale paa wakubwa wenye masikio marefu, ambao hawapatikani tena porini mahali pengine popote katika Kenya. Idadi yao ni ndogo sana. Tanzi lililotegwa kwa ajili ya sungura huweza kumshika mnyama wa namna hiyo, na mtegaji akashtakiwa kwa jambo ambalo hakulikusudia.

Watu huuliza: je, serikali hulipa? Sheria hiyo ya mwaka 2013 iliweka njia ya kudai fidia kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama pori, na kwa mazao na mifugo, kupitia kamati ya kaunti. Lakini ipo orodha ya wanyama wanaohusika. Kiboko yumo. Sungura hayumo, na tumbili hayumo. Maana yake ni kwamba makopo 20 ya sukuma wiki yaliyoliwa na apwoyo usiku mmoja ni hasara ya nyumba ile, na hakuna karatasi itakayojazwa ili irudi. Wakulima wana haki ya kulalamika juu ya jambo hili, na wengi wamelalamika. Wakati wakilalamika, waya ni wao wa kununua na uchaga ni wao wa kujenga.

Kiboko aliyetajwa anahitaji maneno yake peke yake. Huyu, ambaye Wajaluo humwita rao, hutoka ziwani usiku na huweza kwenda mbali kutafuta majani. Hula kiasi cha kilo 40 kwa usiku mmoja. Kwa nyumba zilizo karibu na maji, uchaga wa makopo si kitu kwake, atapita nao. Hata hivyo hawezi kuruka, na handaki au ukuta mfupi wa mawe humgeuza mara nyingi. Lakini asije mtu akatoka usiku na tochi na rungu kwenda kuokoa vitunguu. Kiboko aliyezuiwa njia yake ya kurudi majini huua. Mtu abaki ndani, na asubuhi apeleke habari kwa chifu au kwa askari wa Shirika la Wanyama Pori, akieleza mahali alama zilipotoka na zilipoelekea, na asizifute kabla hazijaonwa. Njia ya kiboko ni ileile kila usiku. Nyumba inayopanda makopo katikati ya njia hiyo na ihamishe makopo.

Wako wanaosema kwamba dawa ya yote ni kuzungusha uzio mmoja mkubwa kuikinga nchi nzima. Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa huko Australia. Mwaka 1859 bwana mmoja, Thomas Austin, aliletewa sungura wa Ulaya kutoka Uingereza, idadi yao 24, akawaachia katika shamba lake ili apate mchezo wa kuwinda. Walizaana mpaka wakaila nchi. Kuanzia mwaka 1901 hadi 1907 serikali ya Australia Magharibi ilijenga uzio wa waya wenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,800, kutoka bahari hata bahari. Kabla haujamalizika sungura walikwisha kuonekana upande wa pili, wakaongezwa uzio mwingine na mwingine. Mwaka 1950 waliletewa ugonjwa wa kuwaua, wakafa kwa wingi sana, kisha waliobaki wakaanza kuuzoea. Wenye mashamba waliofaulu zaidi ni wale waliozungushia waya bustani zao wenyewe, waliowaondoa kwanza waliokuwa ndani, na waliotembea kando ya waya kila juma kutafuta matundu.

Ukaguzi huo, kwa bustani ya makopo, ni wa dakika tano. Ufanyike jioni, kuku wakiisha kulala na kabla giza halijaingia sawasawa. Wavu uguswe pembe zote nne, mawe yatazamwe kama yapo mahali pake, tawi lililoinama karibu na uchaga likatwe, na majivu yasawazishwe upya. Hasara ikitokea mara moja, kopo lililoliwa lisitupwe. Sukuma wiki iliyokatwa kichwa mara nyingi huchipua ubavuni ikipewa maji na samadi iliyooza, na mpapai mchanga pia huweza kuchipua kama shina halijaliwa hadi chini. Mche wa mwembe uliopandikizwa utazamwe mahali pa kiungo: kama chipukizi limetoka juu ya kiungo, utunzwe, kama limetoka chini yake, hilo ni la shina la kienyeji, na embe lililonunuliwa limekwisha kwenda.

Mvua ya Machi ikishika, majani huota kila mahali, na apwoyo hurudi porini ambako chakula ni kingi na mbwa ni wachache. Nyavu huweza kutolewa wakati huo, zikaoshwa, zikakaushwa kivulini na kukunjwa mahali ambako panya hawazifikii, mpaka mwezi wa Juni nchi inapoanza kukauka tena.